Kabrasha la Urubani na Istilahi Zake

Mwalimu mmoja wa sekondari katika kata ya Nangara, mjini Babati, ametuletea kabrasha la kurasa 80 hivi, lililopigwa chapa kwa Kiswahili, ambalo vijana watatu aliowafundisha fizikia wanalitumia kujiandaa kwa mitihani ya nadharia ya leseni ya urubani wa mashirika ya ndege. Jina la mtungaji halimo. Ombi la mwalimu ni fupi: je, kabrasha hili lafaa kuwa kitabu cha kwanza cha vijana hao, au fedha chache walizonazo ziende kwenye vitabu vya Kiingereza? Swali ni la uchaguzi wa vitabu, lakini jibu lake limo katika istilahi, na ndiyo sababu tumelileta katika kurasa hizi.

Yafaa kwanza ieleweke mtihani wenyewe ni wa namna gani. Kiambatisho cha Kwanza cha Mkataba wa Chicago wa mwaka 1944, ambacho Tanzania huufuata kwa kanuni zake za usafiri wa anga, chadai mtahiniwa awe na maarifa ya sheria za anga, ujuzi wa jumla wa ndege, utendaji na upakiaji, uwezo wa binadamu na mipaka yake, hali ya hewa, uongozaji wa safari, taratibu za uendeshaji, kanuni za urukaji na mawasiliano ya redio. Mtihani hufanywa kwa Kiingereza. Tena tangu Machi 2008 rubani wa safari za kimataifa hana budi kuthibitisha kuwa anaimudu lugha ya redio kwa kiwango kisichopungua cha nne katika viwango sita. Basi hakuna kabrasha la Kiswahili, hata likiwa zuri namna gani, litakalomvusha mtahiniwa peke yake.

Hata hivyo haifuati kwamba kabrasha halina kazi. Kijana aliyesoma miaka saba ya shule ya msingi kwa Kiswahili huweza kukariri sentensi mia za Kiingereza juu ya bawa la ndege asipate picha hata moja ya bawa hilo kichwani. Picha hiyo kabrasha laweza kumpa, na mahali pengi lampa. Mtungaji ametenganisha vema tungamo na uzito, kani na kanieneo, kama kamusi zetu za sayansi zinavyoelekeza. La kupendeza zaidi ni kwamba hakuona haya kwenda pwani kuazima maneno. Upepo unaokuja usoni mwa ndege ameuita upepo wa omo, kama manahodha walivyouita kabla ndege haijabuniwa. Dira ni dira, usukani ni usukani. Isitoshe, neno rubani lenyewe ni la baharini: ndiye aliyekuwa akiongoza jahazi kupita miamba. Tunampongeza.

Lakini ukurasa wa 23 watutia hofu. Hapo mtungaji amekutana na lile neno la Kiingereza ambalo kwa dereva wa gari humaanisha injini kuzimika ghafla, naye amelifasiri hivyo hivyo: ndege 'kuzimika'. Katika urubani neno hilo halihusu injini kabisa. Bawa hulikabili pumziko la hewa kwa pembe fulani. Pembe hiyo ikizidi kikomo, ambacho kwa mabawa mengi ya kawaida ni nyuzi 15 au 16 hivi, hewa ipitayo juu ya bawa huacha kulifuata, ikabanduka na kuvurugika, na kani ya kuinua huporomoka. Injini yaweza kuwa inanguruma kwa nguvu zake zote. Dawa yake ni kushusha pua ya ndege ili pembe ipungue. Mwanafunzi aliyefunzwa 'kuzimika' atafikiri kwanza habari za kuwasha injini. Katika chumba cha mtihani atapoteza alama; angani atapoteza zaidi ya hizo. Sisi tungependekeza 'kushindwa kwa bawa', maana msemo huo wataja kilichoshindwa. Si neno tamu sana, twakubali.

Kosa la pili ni la uvivu. Neno 'urefu' limetumiwa kwa mambo matatu: umbali wa ndege juu ya ardhi iliyo chini yake, umbali wake juu ya usawa wa bahari, na mwinuko wa ardhi yenyewe. Natuchukue Nangara iwe mfano. Mahali hapo ni zaidi ya mita 1,300 juu ya usawa wa bahari, yaani futi 4,300 na ushei. Rubani ambaye kipimo chake, kilichorekebishwa kwa kanieneo ya usawa wa bahari, chaonyesha futi 6,500, ana kama futi 2,000 tu kati yake na mapaa ya nyumba. Na Mlima Kwaraa, ulio jirani na mji, umempita kimo. Kwake yeye 'urefu' ni neno la kumwua. Kiswahili hakina upungufu hapa: 'mwinuko' ubaki kwa ardhi, 'kimo cha ardhini' kwa umbali wa kwanza, 'kimo cha baharini' kwa wa pili.

Sura ya redio ina kosa la aina nyingine, la kutafsiri kupita kiasi. Mtungaji amegeuza kwa Kiswahili hata maneno yale yaliyowekwa kusemwa vile vile dunia nzima. Hayo si ya kutafsiriwa. Ni ya kuelezwa maana yake, kisha kukaririwa yalivyo. Tarehe 27 Machi 1977, huko Tenerife, rubani wa KLM alitamka kwa redio maneno ambayo yeye aliyakusudia kuwa ndege imo katika kupaa, na mwongozaji akaelewa kuwa ipo mahali pa kuanzia kupaa, inangoja. Watu 583 walikufa. Ukungu ulikuwapo, na sababu nyingine pia, lakini tangu hapo neno la kupaa halisemwi redioni ila ruhusa ya kupaa inapotolewa au inapofutwa.

Kuhusu vitabu vya kigeni, mwalimu asidhani kuwa vyote ni sawa. Vingi vinavyouzwa vimetungwa kwa mitihani ya Ulaya. Kwa kanuni za urukaji hilo halidhuru, kwa kuwa hewa haina uraia. Kwa sheria za anga ladhuru, na kwa hali ya hewa ladhuru zaidi: mwanafunzi atajaza daftari habari za barafu na pepo za magharibi, wakati anga atakayorukia yatawaliwa na kaskazi na kusi, pamoja na ule ukanda wa makutano ya pepo uletao mvua za vuli na masika. Tena kuna vitabu vya maswali na majibu matupu. Hivyo vinunuliwe mwisho, mwanafunzi akiwa tayari anaweza kueleza kwa nini majibu yale matatu mengine si sahihi.

Jibu letu kwa mwalimu basi ni hili. Fedha ziende kwanza kwenye kitabu kimoja cha Kiingereza cha kanuni za urukaji na kimoja cha hali ya hewa, ambavyo vijana watatu waweza kuvitumia kwa zamu. Sheria wazisome katika kanuni za nchi zenyewe, toleo linalotumika sasa. Kabrasha lisomwe kando ya vitabu hivyo, sura kwa sura, kila istilahi ikiandikwa pembeni pamoja na neno la mtihani. Ukurasa wa 23 usahihishwe kwa kalamu kabla kijana mwingine hajaufungua, na sura ya redio iondolewe.