Shingo ya Asumini

Muuza miche wa kando ya barabara atakusifia majani na vitumba vilivyojaa. Mwache amalize, kisha uiname. Kazi ya aliyeitoa asumini kwenye kiriba akaitia katika chungu cha barazani husomwa chini, shingoni, pale shina linapoingia udongoni.

Hapo ndipo wengi huharibu. Chungu kipya ni kirefu, mche mfupi, basi mtu huongeza udongo juu mpaka shina lizame vidole viwili. Kwa macho inapendeza. Lakini gome lililofukiwa hushinda na unyevu, likaoza. Baadaye majani huwa manjano, na mwenye nyumba, kwa huruma, huzidisha maji! Fundi wa kweli hujaza udongo chini ya mche, sio juu yake, ili shingo ibaki usawa ule ule iliokuwa nao kiribani. Fukua kidogo kwa kidole: mizizi ya juu haipaswi kuwa mbali.

Mizizi ya ndani huioni tena, kwa hiyo uliza. Mizizi ya asumini iliyokawia kiribani huwa imejizungusha kama kamba iliyokunjwa. Asiyeikunjua, au kuikata ile iliyojizonga, amebadilisha chombo tu.

Chungu kizidi donge la mizizi kwa vidole vitatu hivi kila upande. Pipa kubwa kwa mche mdogo ni ufahari wa bure, maana udongo usio na mizizi hukaa na maji. Kokoto za chini nazo sizitaki, hazikaushi kitu. Kigae kimoja juu ya tundu kinatosha. Mchanga wa pwani una chumvi, usiuguse. Chungu kipya cha saruji kilowekwe siku kadhaa, maji yakibadilishwa, chokaa ipungue.

Sasa omba kopo la maji, umwagie. Yakitua kidogo, yakanywewa, yakatokea tunduni, kazi ni safi. Yakiteremka kandokando mwa chungu papo hapo, donge la kati limebaki kavu. Yakisimama kama dimbwi, udongo huo ni mfinyanzi mtupu, hauna mboji.

Majani machache yakianguka wiki ya kwanza, usigombe. Ila ukiambiwa chungu hakina tundu ili sakafu isichafuke, mwachie muuzaji chungu chake, nunua mche na kiriba chake, ukapande mwenyewe.