Kazi ya Fundi Nyuma ya Land Rover Kuukuu

Fundi umeme wa magari hujulikana kabla hajashika waya. Mpe Land Rover Series III, zile zilizotoka kiwandani kati ya 1971 na 1985, umwambie kwamba ukikanyaga breki taa za nyuma zinafifia, na ukiweka indiketa taa ya usiku nayo inapepesa. Kisha nyamaza umtazame. Akitimka dukani kununua balbu, mtafute mwingine. Akichuchumaa nyuma ya gari na kuuliza, "Ethi yake imefungwa wapi?", mpishie chai.

Balbu ya nyuma ya gari hilo ina nyuzi mbili ndani ya kioo kimoja: wa wati 5 kwa taa ya usiku, wa wati 21 kwa breki. Zote hurudisha umeme kwa njia moja, hiyo ethi. Njia ikiziba, umeme hutafuta kichochoro. Hupenya kwenye uzi wa jirani, ukazunguka hadi taa nyingine, na mwenye gari akaanza kudhani amerogwa. Land Rover imezaliwa na ugonjwa huu. Bodi yake ni alumini, chasisi ni chuma, na metali hizo mbili zikigusana penye unyevu na chumvi, alumini huliwa ikabaki unga mweupe chini ya skrubu. Ndiyo maana gari lililozeekea Tanga huugua mapema kuliko lililozeekea Arusha.

Sasa mwangalie anavyopima. Wengi huzima taa, huweka mita kwenye alama ya mlio, ikilia wanasema ethi ipo. Kipimo hicho kinadanganya: waya uliobakiwa na unywele mmoja wa shaba utalia vilevile, ila hauwezi kubeba mzigo wa wati 21. Anayejua huwasha taa, humwita mtu akanyage breki, huweka ncha moja ya mita kwenye hasi ya betri na nyingine kwenye bati la kishikio cha balbu. Ikisoma chini ya volti 0.2, ethi ni nzima. Ikisoma volti 2, hizo zimeibwa kwenye taa, na atazifuata hadi kwenye skrubu, aifungue, apige msasa bati hadi ling'ae, afunge upya na kupaka grisi juu.

Kiungo cha waya ndicho kinachotofautisha mafundi. Kivute kwa vidole: kisicheze. Shaba iliyoingia humo iwe inang'aa, maana iliyogeuka kijani au nyeusi ilipaswa kukatwa hadi ipatikane safi. Kuna ubishi wa miaka kati ya wanaolehemu kwa risasi na wanaobana kwa tamino. Mimi niko upande wa tamino, kwa kuwa risasi huufanya waya kuwa mgumu, na kwenye barabara ya changarawe waya mgumu hukatika palepale ugumu unapoishia. Lakini heri risasi iliyotulia kuliko tamino iliyopondwa kwa nyundo. Juu ya kiungo pawe na mpira unaosinyaa kwa joto. Waya zilizosokotwa na kuviringishiwa solotepu zisikudanganye kwa unadhifu. Jua likiipata, gundi huyeyuka, tepu hulegea, vumbi na maji vikaingia.

Tazama pia rangi. Waingereza waliotengeneza gari hili walizipanga: nyeusi ni ethi, nyekundu taa za usiku, kijani yenye mstari wa zambarau ni breki, kijani yenye nyekundu indiketa ya kushoto, kijani yenye nyeupe ya kulia. Fundi mwenye adabu huunganisha nyekundu kwa nyekundu, hata akilazimika kurudi dukani mara mbili. Waya wa spika ukiukuta humo, ujue aliyepita alimwachia fumbo anayekuja.

Fyuzi haihitaji maneno mengi. Ikiwa imeviringishiwa karatasi ya kung'aa ya pakiti ya sigara, usiwashe taa hata moja.

Kabla ya kulipa, subiri giza liingie. Rudisha gari nyuma hadi karibu na ukuta mweupe, washa taa za usiku, weka indiketa, kanyaga breki, vyote kwa pamoja. Geuka utazame ukuta. Wekundu wa breki ukitikisika kila indiketa inapowaka, kazi haijaisha, mrudishie funguo.