Mraba, Kikombe na Kitabu: Umbo Tupu na Matumizi Yake katika Sanaa ya Malevich na Lissitzky

Mjadala kuhusu uhusiano wa fani na maudhui ni wa siku nyingi katika uhakiki wa Kiswahili. Wapo wanaoshikilia kwamba fani ni chombo cha kubebea maudhui, na wapo wanaosisitiza kwamba viwili hivi havitenganishiki. Aghalabu pande zote mbili hutoa mifano yenye maudhui bayana. Ni nadra kuulizwa hutokea nini msanii anapoyafuta maudhui kwa makusudi na kubakiza umbo pekee. Makala haya yanalichunguza swali hilo kwa kurejelea wasanii wawili wa Urusi ya mapinduzi, Kazimir Malevich na El Lissitzky, ambao maumbo yao ya kijiometri yalitoka kwenye turubai yakaingia katika vyombo na vitabu.

Mnamo Desemba 1915, katika maonyesho yaliyofanyika mjini Petrograd, Malevich alitundika picha ya mraba mweusi juu kabisa kwenye pembe ya chumba, mahali ambapo familia za Kiorthodoksi huweka picha takatifu. Picha hiyo, yenye takriban sentimita 80 kila upande, haiwakilishi kitu chochote. Malevich aliuita mkondo wake Suprematizimu, akidai kwamba uchoraji umekombolewa kutokana na utumwa wa kuiga vitu. Dai hili lina nasaba ya kifasihi. Mwaka 1913 Malevich alikuwa amebuni mandhari ya jukwaa na maleba ya opera ya Ushindi dhidi ya Jua, iliyotungiwa maneno na mshairi Aleksei Kruchenykh, mtetezi wa lugha isiyofungwa na maana za kamusi. Neno lililovuliwa maana na umbo lililovuliwa kitu vililelewa katika nyumba moja.

Hata hivyo, umbo hilo halikukaa ukutani. Mwaka 1919 Malevich alikwenda kufundisha Vitebsk, na mwaka uliofuata yeye na wanafunzi wake waliunda kikundi cha UNOVIS, kilichopeleka miraba na duara kwenye mabango na kuta za mji. Mwaka 1923 alisanifu buli na kikombe kwa ajili ya kiwanda cha kauri cha serikali mjini Petrograd. Kikombe chenyewe ni nusu kikombe, mithili ya kilichopasuliwa kutoka mdomoni hadi kitakoni, na mkono wake ni pande gumu lisilo na tundu la kupitisha kidole. Ni kazi ya kuvutia macho, lakini anayetaka kunywa chai hana budi kukitii kikombe. Umbo limebadilisha mahali tu. Uhusiano wake na mtu ni ule ule wa picha na mtazamaji.

Lissitzky, aliyesomea usanifu wa majengo Ujerumani na kufundisha pia Vitebsk, alifuata njia tofauti. Katika kitabu cha watoto kuhusu miraba miwili, kilichochapishwa Berlin mwaka 1922, mraba mwekundu na mweusi ni wahusika kamili: wanasafiri, wanaikuta dunia katika vurugu, wanaivunja na kuijenga upya. Umbo lililodaiwa kuwa tupu limepata msuko. Mwaka 1923 alisanifu Kwa Sauti, kitabu cha mashairi 13 ya Vladimir Mayakovsky yaliyokusudiwa kusomwa mbele ya watu. Picha zake ziliundwa kwa herufi na mistari iliyomo katika kisanduku cha mpanga chapa. Kurasa zimekatwa vidato pembeni, kila kidato kikiwa na alama ya shairi lake, ili msomaji aliyesimama jukwaani alifungue analolitaka papo hapo. Hapa jiometri inauhudumia mkono, jicho na sauti kwa pamoja. Si ajabu kwamba Jan Tschichold, katika kitabu chake cha mwaka 1928 kuhusu upangaji mpya wa chapa, aliitambua kazi ya Lissitzky kama mojawapo ya misingi yake.

Lakini utumishi huu una gharama. Umbo lisilo na maudhui yake lenyewe huweza kukodiwa na maudhui yoyote. Katika miaka ya 1930 Lissitzky alikuwa akisanifu kurasa za jarida la kuusifu utawala wa Kisovieti, kwa ustadi ule ule. Malevich naye alitiwa kizuizini mwaka 1930, na uhalisia wa kijamaa ulipofanywa mwongozo rasmi mwaka 1934, neno "umaumbo" lilikuwa limegeuka kuwa shtaka. Utawala ulioliogopa umbo tupu kwenye turubai ulilikaribisha umbo hilo hilo lilipokubali kuutumikia.

Kutokana na mifano hii, inabainika kwamba swali la umbo linawakilisha nini halimfikishi mhakiki mbali. Swali lenye tija ni kwamba umbo linamfanya mtumiaji atende nini, na kwa manufaa ya nani. Kikombe cha Malevich kinamzuia mnywaji. Kwa Sauti kinamwezesha msomaji. Kurasa za jarida zinamshawishi raia. Mhakiki anayeihesabu fani kuwa pambo tu hatauona utendaji huo, na anayeitukuza peke yake hatamwona anayeutuma.