Mapumziko ya Siku ya Mvua Katika Safari Ndefu ya Baiskeli: Uchambuzi wa Mpangilio wa Kazi

Siku ya mapumziko katika safari ndefu ya baiskeli ni siku ambayo msafiri hasogei mbele, lakini hufanya kazi zinazomwezesha kusogea siku zinazofuata. Mvua ikiangukia siku hiyo haiiharibu, ila hubadili utaratibu wa kazi zake, kwa kuwa vitu vinavyohitaji kukauka hukosa jua, na muda, ambao kwa kawaida huwa mwingi, hugeuka kuwa ndio unaopungua. Uchambuzi huu unahusu mambo mawili: namna siku yenyewe inavyochaguliwa, na kazi ipi itangulie ipi.

Mfano unaofaa ni safari ya Tour d'Afrique, iliyofanyika kwa mara ya kwanza mwaka 2003, inayotoka Cairo hadi Cape Town kwa umbali wa takriban kilomita 12,000. Kwa kuwa msafara huondoka Misri mwezi Januari na kufika Afrika Kusini mwezi Mei, waendesha baiskeli huingia kaskazini mwa Tanzania masika yanapokaribia au yanapoanza, na Arusha, ambayo ni mojawapo ya vituo vyao vya kupumzika, iko kwenye mwinuko wa takriban mita 1,400, mahali ambapo siku ya mvua huwa na ubaridi na nguo iliyofuliwa asubuhi inaweza kulala mbichi.

Msafara wa aina hiyo hufuata mapumziko ya kalenda, yaani tarehe hupangwa miezi kadhaa kabla, kwa sababu malazi, chakula na magari ya mizigo hutegemea tarehe hizo. Msafiri wa peke yake, kinyume chake, anaweza kufuata mapumziko ya hali, ambayo huamuliwa na mbingu na barabara. Aliyepanga kupumzika kesho kutwa, kisha akaamka leo na kukuta mvua kubwa, hupata faida akiileta siku yake mbele. Akilazimisha kuondoka atapata kilomita chache, atachakaza vyombo vyake, na kesho kutwa atatumia siku ya kupumzika kurekebisha kilichoharibika; siku moja ya mapumziko atakuwa ameilipia mara mbili.

Hoja hiyo ina uzito zaidi mahali penye udongo mweusi wa mbuga, ambao ni mfinyanzi unaovimba unaponyonya maji na kupasuka unapokauka. Udongo huo hunata kwenye tairi, hujaa kati ya tairi na madigadi, na baada ya muda gurudumu hukataa kuzunguka hata baiskeli ikisukumwa kwa mkono. Barabara ya Dodoma hadi Babati, yenye kilomita 251, ilizinduliwa ikiwa ya lami mwaka 2018, na kwa msafiri anayetoka Arusha kuelekea kusini lami hiyo imepunguza sana uzito wa uamuzi huu. Hata hivyo, lami haiondoi baridi: maji hupitisha joto mara 25 hivi kuliko hewa, na mtu aliyelowa anayeteremka mlima kwa kasi hupoteza joto la mwili upesi hata katika nchi inayohesabiwa kuwa ya joto. Manyunyu mepesi hayastahili siku nzima. Mvua isiyokatika, au baridi inayotia ganzi vidole vya kushika breki, inastahili.

Siku ikishachaguliwa, kanuni ya kwanza ni kwamba kinachochukua muda mrefu ndicho kinachoanza. Hema hutandazwa barazani au chini ya paa lolote lenye upepo, kwa sababu likikunjwa likiwa bichi huota ukungu. Viatu hujazwa karatasi za gazeti, ambazo hubadilishwa kila baada ya saa moja au mbili. Kiti cha ngozi huachwa kikauke polepole mbali na moto, kwa kuwa ngozi iliyolowa hulegea ikikaliwa na hukakamaa ikikaushwa kwa haraka. Kazi hizi huchukua dakika chache za mikono, lakini zikianza jioni hazitakuwa zimekamilika alfajiri.

Baada ya hapo hufuata cheni. Maji ya barabarani huosha mafuta na kuacha mchanga, na mchanga ukichanganyika na mafuta yaliyobaki hufanya tope linalosaga chuma kila pedali inapozungushwa. Cheni husuguliwa kwa mswaki na mafuta ya taa, hufutwa, huachwa ikauke, kisha hutiwa tone moja la mafuta katika kila kiungo, na baada ya saa kadhaa hufutwa tena kwa nje, kwa kuwa mafuta ya ndani ndiyo yanayofanya kazi na ya nje hukusanya vumbi tu. Huu ndio wakati wa kupima uchakavu. Umbali kati ya pini mbili zinazofuatana ni milimita 12.7, hivyo viungo 24 vya cheni mpya vina urefu wa milimita 304.8; rula ikionyesha zaidi ya milimita 306.3, cheni imerefuka kwa asilimia 0.5, na ikiendelea kutumika itayala meno ya gia, ambayo bei yake ni kubwa kuliko ya cheni.

Nguzo ya kiti huchomolewa na baiskeli hupinduliwa ili maji yaliyoingia ndani ya fremu yatoke, kisha nguzo hupakwa grisi na kurudishwa. Mipira ya breki nayo hukaguliwa na kuondolewa chembe za mchanga zilizonasa, kwa maana hizo ndizo zinazochora rimu.

Mwili huja mwisho katika orodha, ila ndio unaopewa saa nyingi zaidi. Misuli na ini huhifadhi glaikojeni, yaani wanga ulio tayari kugeuzwa kuwa nguvu, na akiba hiyo ikiisha huhitaji takriban saa 24 kujaa, mradi chakula kitoshe. Kiwango kinachopendekezwa kwa kazi nzito ya aina hii ni gramu 7 hadi 10 za wanga kwa kila kilo ya mwili kwa siku. Kwa mtu wa kilo 70 ni gramu 490 hadi 700, ambazo zikitafutwa kwenye ugali peke yake zitadai kati ya gramu 650 na 930 za unga mkavu. Ndiyo maana uji wa asubuhi, chapati, ndizi na maharage hugawanywa kutwa nzima badala ya kusubiri mlo mmoja mkubwa wa usiku. Miguu huachwa wazi ikauke, kwa sababu ngozi iliyoloa siku kadhaa hulainika, huchubuka na kukaribisha fangasi.

Kwa hiyo makosa yanayofanyika mara nyingi ni mawili: kulala hadi adhuhuri na kuanza kukausha jioni, au kushinda kutwa nzima ukifungua na kufunga nati hadi mwili usipumzike. Siku iliyopangwa vema huwa imemaliza kazi za mikono kabla ya chakula cha mchana, na ushahidi wake huonekana kesho yake alfajiri: viatu vikavu, cheni isiyolia, na miguu inayokubali mlima wa kwanza.