Fahali, Nyika na Mchungaji: Methali Moja na Vita Baridi katika Pwani ya Kusini

1. Utangulizi

Ni desturi ya wahakiki wetu, kila wautajapo ugomvi wa Marekani na Umoja wa Kisovieti uliozuka baada ya Vita Vikuu vya Pili, kuitanguliza methali isemayo kwamba wapiganapo fahali wawili, ziumiazo ni nyika. Methali hii husikika katika mihadhara, huulizwa katika mitihani ya sekondari, na husomwa katika tahakiki za fasihi. Aghalabu hutumiwa kama hukumu: ikishasemwa, hapana la kuongeza.

Makala haya yanakusudia kuonyesha kwamba methali yenyewe yastahili kuhakikiwa kabla ya kutumiwa kuhakikia mambo mengine. Mfano wetu ni Kwale, yaani nchi iliyo kusini mwa Likoni hadi Vanga. Tumeichagua kwa sababu moja kubwa: huko neno nyika limewahi kuwa jina la watu.

2. Sarufi ya methali

Tuanze na kitenzi. Ziumiazo latokana na -umia, kitenzi kisichodai mtendaji. Mtu huumia kwa kuanguka, kwa moto, hata kwa huzuni. Lau methali ingesema ziumizwazo, msikilizaji angeuliza papo hapo: na nani? Kwa kuchagua -umia, methali imelizima swali hilo kabla halijaulizwa.

Pili, nyika ni jina la ngeli ya I-ZI, lisilobadilika katika umoja wala wingi. Ni kiambishi zi- peke yake kinachotujulisha kwamba nyika hizo ni nyingi. Ni wingi usio na sura: waliomo ndani yake hawahesabiki wala hawatambulikani.

Tatu ni fahali. Wako wasemao ndovu badala ya fahali, na nyasi badala ya nyika, na wahakiki wengi huzichukua kauli hizo kuwa ni methali moja yenye maneno tofauti. Si moja. Ndovu ni mnyama wa mwitu. Hana mwenyewe, na akiharibu, hapana wa kushtakiwa. Fahali ni mnyama wa kufugwa. Ana zizi, ana mwenyewe, ana mchungaji. Methali ya ndovu yasimulia msiba. Methali ya fahali yasimulia uzembe, au hata njama. Palipo na fahali wawili malishoni, pana mtu aliyefungua lango. Methali haimtaji mtu huyo, lakini haikamiliki bila yeye.

Isidhaniwe kwamba Kiswahili kimekosa njia nyingine ya kusema. Neno beberu, ambalo asili yake ni mbuzi dume, lilikwisha kupewa maana ya mtawala wa kigeni anyonyaye nchi za watu, na likazaa ubeberu. Hapa pia mfano umetolewa zizini, lakini dume huyu ni mtendaji: ana jina, na hulaumiwa. Lugha ile ile iliyomficha mtendaji katika methali imemweka hadharani katika msamiati wa siasa.

3. Nyika iliyo na wenyewe

Wadigo, Waduruma na ndugu zao waliitwa Wanyika na watu wa miji ya Pwani, kisha na serikali ya kikoloni katika maandishi yake. Jina la Mijikenda lilienea katika miaka ya 1940, na kuenea kwake kulikuwa ni kulikataa lile la kwanza. Watu walisema kwamba wao ni miji, si pori. Mwalimu aifundishapo methali hii Msambweni bila kuieleza historia hiyo huwarudishia wanafunzi wake jina ambalo babu zao walilivua.

Tutazame mlima Mrima, ulio bara ya Msambweni. Kwa Wadigo hapo ni kaya, msitu mtakatifu. Katika miaka ya 1950 wataalamu wa miamba waliupima na kukuta niobiamu pamoja na madini adimu. Niobiamu huongezwa katika vyuma vinavyostahimili joto kali, vikiwamo vya injini za ndege, na kwa hiyo katika miaka ile ya mashindano ya silaha ilikuwa mali yenye kutafutwa sana. Kwa mpimaji, Mrima ulikuwa nyika yenye madini chini yake. Kwa mwenyeji, ulikuwa mahali penye wazee na miiko. Methali yetu husema kwa sauti ya mpimaji.

Wala nyika hiyo haikuwa kiziwi. Idhaa ya Kiswahili ya BBC ilianza mwaka 1957, ya Redio Peking 1961, ya Sauti ya Amerika 1962, na ya Deutsche Welle 1963. Kila upande ulitafuta sikio la msemaji wa Kiswahili, na msikilizaji mwenye redio aliweza kugeuza kisu kutoka Peking hadi London, akalinganisha habari na habari. Majani hayachagui idhaa.

4. Fahali mmoja malishoni

Methali yadai kwamba maumivu hutokana na kupigana kwa wawili. Historia ya Kenya haiafikiani vema na dai hilo. Kabla ya uhuru pande zote mbili zilikaribishwa: tangu 1959 Tom Mboya alipeleka wanafunzi Marekani kwa ndege, naye Oginga Odinga akawatafutia wengine nafasi katika nchi za Mashariki. Hapo ingefaa zaidi methali nyingine, ile ya vita vya panzi kuwa furaha ya kunguru. Lakini Aprili 1965 meli ya Kisovieti, Fizik Lebedev, ilipofika Mombasa na silaha, serikali ya Jomo Kenyatta ilizikataa. Mwaka 1966 Odinga alitoka chamani akaongoza KPU, na mwaka 1969 KPU ikapigwa marufuku. Fahali mmoja alikwisha kufungiwa nje.

Aliyebaki alilisha kwa utulivu. Juni 1980, baada ya mapinduzi ya Iran na baada ya majeshi ya Kisovieti kuingia Afghanistan, Kenya na Marekani zilitia sahihi mapatano yaliyoyapa majeshi ya Marekani ruhusa ya kutumia bandari ya Mombasa na viwanja vya ndege vya Embakasi na Nanyuki. Manowari zikawa zikitia nanga ng'ambo ya kivuko cha Likoni. Huko Diani walikuja watalii wengi wa Ujerumani Magharibi. Wa Ujerumani Mashariki walizuiwa na serikali yao. Basi mkazi wa Kwale hakuwaona fahali wawili wakipigana. Alimwona mmoja akilishwa, na mkono uliomlisha ulikuwa wa nyumbani.

Mtu aliyeligundua hilo mapema ni Abdilatif Abdalla wa Mombasa. Mwaka 1968 alitoa waraka ulioitwa Kenya Twendapi?, na kwa ajili yake akafungwa gerezani tangu 1969 hadi 1972. Diwani aliyoitunga kifungoni, Sauti ya Dhiki, ilichapishwa 1973. Tulitazame lile jina la waraka kwa jicho la sarufi. Kiambishi chake ni tu-, cha watu wenye nia na miguu, wala si zi- ya nyika. Tena kinauliza, na anayeulizwa ni mchungaji, si fahali. Ndiyo sababu jibu lake lilitoka mahakamani Kenya, halikutoka Washington wala Moscow.

5. Pingamizi

Yawezekana kusemwa kwamba tunaionea methali. Nchi changa zilizokutana Belgrade mwaka 1961 kuunda umoja wa zisizofungamana na upande wowote zilihitaji kauli fupi ya kuwaambia wakubwa kwamba ugomvi wao unawaumiza wasiohusika. Pingamizi hili ni la haki, na twalikubali. Methali hii yafaa kinywani mwa nchi ndogo ikisema na nchi kubwa. Haifai kinywani mwa serikali ikisema na raia wake, kwani hapo huwa ni kinga: mchungaji hujilaza katikati ya nyasi na kulia pamoja nazo.

Hata mfano wa Zanzibar wathibitisha hivyo. Kituo cha Wamarekani cha kufuatilia vyombo vya anga kilichojengwa Tunguu kilipingwa kwa maandamano kabla ya mapinduzi ya 1964, na mwaka huo huo kikafungwa. Kama waandamanaji wale walikuwa nyasi, basi ni nyasi zilizosimama na kusema.

6. Hitimisho

Hatupendekezi methali hii iondolewe katika vitabu. Twapendekeza ifundishwe kwa maswali matatu: mwenye fahali ni nani, lango lilifunguliwa na nani, na nyika hii ina wenyewe gani? Mwanafunzi asiyeulizwa maswali hayo atajifunza ufasaha wa kukata tamaa.

Jambo hili halikuisha pamoja na Umoja wa Kisovieti mwaka 1991. Madini adimu ya aina iliyomo Mrima leo yanagombewa na Marekani na China, na mwaka 2013 serikali ya Kenya iliifuta leseni ya kuuchimba mlima huo iliyokuwa imekwisha kutolewa. Leseni hutolewa na mtu, na hufutwa na mtu. Methali itakaporudi midomoni mwa wasemaji, nayo itarudi, ni wajibu wa walimu wa lugha kukumbusha kwamba fahali hufugwa.