Nchi Zilizokuwa Rafuni

Msichana wa miaka 12 alikuwa sebuleni kwao, Berkeley, California, akitafuta cha kusoma. Vitabu havikuwa haba. Baba yake, Alfred Kroeber, alikuwa profesa wa anthropolojia, na wanawe walikua wakimsikiliza akiwasimulia hadithi za wenyeji wa asili wa California, alizozipata kwa wazee waliozirithi. Mkono wa binti ukatua kwenye kitabu chenye jalada la ngozi laini na jina la ajabu: A Dreamer's Tales, yaani hadithi za mwotaji. Akakifungua hapo hapo aliposimama.

Binti huyo ni Ursula, ambaye wasomaji walikuja kumjua kwa jina la ndoa, Le Guin. Mtunzi wa kitabu ni Lord Dunsany, mwinyi wa Kiayalandi mwenye ngome yake huko Meath, mcheza sataranji hodari, aliyekichapisha mwaka 1910.

Maajabu hayakuwa mageni kwa Ursula. Alikwisha kusoma visasili vya Ulaya ya Kaskazini, na yeye na kaka zake walikuwa wakisoma majarida ya bunilizi za kisayansi. Akiwa na miaka 9 alimaliza hadithi yake ya kwanza, ya mtu anayeandamwa na vijini viovu mpaka vinampenyea kwenye tundu la ufunguo. Baadaye kidogo akapeleka nyingine kwenye jarida, ikarudishwa, naye akajivunia kukataliwa kama waandishi wa kweli wanavyokataliwa.

Basi kipi kilichomshtua siku ile? Alikuwa akidhani visasili ni mali ya marehemu, vitu vilivyokwisha kutungwa zamani na kufungwa. Kumbe yuko mtu mzima, wa zama hizi, anayewatungia watu wazima wenzake miungu, mito na miji, wala haombi radhi.

Wala haelezi. Hapo ndipo penye ufundi wa Dunsany. Anaanza kwa kutaja nchi tatu ambazo hazimo katika ramani yoyote, kana kwamba msomaji kazaliwa huko na mjomba wake bado anaishi huko. Shaaban Robert naye, katika Kusadikika ya mwaka 1951, aliweka nchi nzima angani, lakini jina alilichonga kutokana na kitenzi tunachokijua, hivi kwamba msomaji anakonyezwa kabla hajafika mpakani. Majina ya Dunsany hayakonyezi. Hayana maana, yana mlio tu, na sikio linatii. Kazi mbili tofauti, na zote ngumu.

Mlio huo umewaponza wengi. Le Guin mwenyewe, katika insha ya mwaka 1973 kuhusu lugha ya hadithi za namna hii, aliwaonya wanaoanza kuandika kwamba kumwiga Dunsany ni balaa la kwanza linalowangoja. Mzee yule alilelewa na Biblia ya King James, na usemi wa Ireland ulimkaa masikioni. Waigaji walichukua madoido, wakaacha mizizi. Ni ugonjwa tunaoujua: kijana anasoma diwani moja ya malenga, kesho yake kila sentensi yake imevaa kilemba.

Le Guin ilimchukua miaka ishirini kujivua kilemba hicho. Hadithi yake ya kwanza ya aina hii ilinunuliwa na jarida la Fantastic mwaka 1962. Dunsany alikuwa amefariki miaka mitano kabla. Ndipo mwaka 1968 ikatoka A Wizard of Earthsea, na jambo la kwanza alilofanya alipoanza kuitunga ni kuchora ramani kubwa ya visiwa na kuvipa majina.

Huko Earthsea uganga wote ni majina: ukilijua jina la kweli la kitu, umekishika. Ged, mtoto mchunga mbuzi wa kisiwa cha Gont, mwenye rangi ya shaba iliyokolea, anagundua kipaji chake anapokariri maneno aliyomsikia dada wa marehemu mama yake akiwaitia mbuzi. Mbuzi wanakuja wote, wanamzonga. (Kumwita Ged mchawi kwa Kiswahili ni kumtukana, mganga kunamkaribia, ingawa ada hatozi.) Kile Ursula alichokisikia sebuleni, kwamba jina likitamkwa sawasawa nchi inakuwapo, amekigeuza kuwa sheria ya ulimwengu mzima. Lakini sikiliza sentensi zenyewe: ni kavu, za mtu anayesimulia akiwa na kazi mkononi. Hamna kilemba.

Deni hakulificha. Mwaka huo huo wa 1973 aliandika insha nyingine, ya maisha yake ya usomaji, na katika kichwa chake akajiita mwananchi wa Mondath. Ni mojawapo ya zile nchi tatu.