Kitabu cha Faraja: Wafalme wa Kilwa na Aliyeandika Habari Zao

Kitab al-Sulwa fi Akhbar Kulwa ni kitabu kinachotajwa na wengi na kusomwa na wachache. Mwenye kutaka kuthibitisha kuwa watu wa pwani wametoka Shiraz hukitaja, na mwenye kutaka kulikanusha hilo hukitaja vilevile. Nakala iliyo mashuhuri ilinakiliwa Unguja mwaka 1877; Sayyid Barghash akamzawadia John Kirk, balozi wa Kiingereza, na leo imehifadhiwa British Library hapa London. S. Arthur Strong aliyachapisha maneno yake ya Kiarabu mwaka 1895. Kwa sisi tunaokaa Neasden, jumba hilo la vitabu liko umbali wa treni mbili tu, ya Jubilee hadi Finchley Road kisha nyingine hadi King's Cross, kwa hiyo hatuna udhuru wa kukijadili kitabu kwa kusikia.

Wasomi wengi wamekisoma kama daftari la mizani: fulani alitawala miaka kadhaa, akafuatwa na fulani miaka kadhaa, jumlisha, upate mwaka ambao mji ulianza. G.S.P. Freeman-Grenville alifanya hesabu hiyo akafika karne ya 10. Neville Chittick, aliyechimba magofu ya Kilwa Kisiwani, aliikataa mwaka 1965 akamteremsha Ali bin al-Hasan, mfalme wa kwanza, hadi karibu na mwaka 1200. Kisha mwaka 1984 ikafukuliwa hazina ya sarafu Mtambwe Mkuu, Pemba, zaidi ya 2,000 za fedha, zikiwamo zenye jina la Ali bin al-Hasan, na pamoja nazo dinari za dhahabu za Mafatimi ambazo ya mwisho wake ni ya mwaka 1066. Mfalme akapanda tena hadi karne ya 11. Hatuna ugomvi na sarafu. Ni ushahidi ulio bora kuliko hesabu ya vidole. Ila ugomvi huu wa tarehe umewafanya watu wasiulize swali lililo jepesi zaidi: kitabu hiki kiliandikwa na nani, lini, na kwa haja gani?

Mwandishi hakutuachia jina lake, lakini ametuambia siku aliyozaliwa, nayo ni katika Shawwal ya mwaka 904 Hijria, yaani 1499. Vasco da Gama alikuwa amekwisha pita pwani hii mwaka uliotangulia. Francisco d'Almeida alipoingia Kilwa kwa mizinga mwezi wa Julai 1505, huyu alikuwa mtoto wa miaka sita. Alipokuwa mtu mzima, Sultan Muhammad bin al-Husain akamtaka aandike habari za mji, naye akakiita kitabu chake Sulwa, maana yake faraja, kituliza moyo. Mtu hafarijiwi ila amefikwa na jambo. Kwa hiyo tunakisoma kama maneno ya mtu aliyekaa matangani, anayehesabu waliotangulia ili walio hai wajue kwamba nyumba hii ilikuwa na wenyewe.

Tukikisoma hivyo, hata kisa cha mwanzo kinabadilika sura. Mfalme wa Shiraz anaota panya mwenye pua ya chuma akitafuna kuta za mji, anaona ni ishara ya maangamizi, anasafiri na wanawe katika majahazi saba, kila jahazi likatia nanga mahali pake. Aliyefika Kilwa anakinunua kisiwa kwa mwenyewe asiye Mwislamu kwa nguo za kukizunguka. Muuzaji anavuka bara akikusudia kurudi kupigana, lakini mnunuzi anachimba ule mkondo uliokuwa ukivukwa kwa miguu maji yakitoka, na maji hayatoki tena. Wengine wameona hapa ngano tu. Sisi tunaona hati ya mauzo: kuna kilichouzwa, kuna bei, kuna mpaka, na kuna habari ya muuzaji aliyetaka kuvunja mkataba. Ndiyo lugha ya kadhi, na mtu huiandika pale haki yake inapotiliwa shaka.

Sasa tazama kinachokosekana. Katika masimulizi ya Kiswahili ya Kilwa, yaliyochapishwa na Carl Velten zaidi ya miaka 100 iliyopita, mzee wa kisiwa ana jina, Mrimba, na ana binti. Mgeni anamwoa binti huyo, na utawala unafika mikononi mwa mjukuu wa Mrimba. Mwandishi wa Sulwa ameiacha ndoa akabakisha nguo. João de Barros naye, Mreno aliyechapisha mwaka 1552 habari za wafalme wa Kilwa zilizotokana na tarehe ya mji wenyewe, anasema kwamba Ali alidharauliwa na ndugu zake kwa kuwa mama yake alikuwa Mhabeshi. Katika simulizi mbili kati ya tatu, basi, yumo mama au mke wa Kiafrika. Na mwaka 2023 ulitoka katika jarida la Nature uchunguzi wa mifupa ya watu 80, wengi wao wa pwani, waliozikwa kati ya miaka 1250 na 1800, wa Kilwa wakiwamo: upande wa kike asili yao karibu yote ni ya Afrika, upande wa kiume wengi wao wana asili ya Uajemi, na mchanganyiko huo ulianza mnamo mwaka 1000. Wazee waliosimulia kwa Kiswahili walikuwa na kumbukumbu nzuri kuliko msomi aliyeandika kwa Kiarabu. Wale wanaotumia Sulwa kuwakana bibi zao wanategemea kitabu kilichowafuta.

Wala Kilwa si peke yake katika jambo hili. Huko Copán, mji wa Wamaya ulioko Honduras, kuna jiwe la madhabahu lililochongwa wafalme 16 kuzunguka pande zake nne. Wa kwanza, K'inich Yax K'uk' Mo', aliyeanza kutawala mwaka 426, amechongwa akiwa na alama za watu wa Teotihuacan, mji wa mbali sana, akimkabidhi wa kumi na sita fimbo ya ufalme, ingawa baina yao kuna miaka 350. Meno ya mifupa inayodhaniwa kuwa yake yamepimwa, ikaonekana hakukulia Copán. Lakini jiwe lenyewe ni la mwaka 776, zama za Yax Pasaj Chan Yopaat, na hata miaka 50 haikupita silsila ikakatika. Orodha zilizopangika vizuri kiasi hicho huandikwa na wa mwisho. Mfalme aliyeketi kwa amani hana haja ya kuwahesabu babu zake mbele ya watu.

Turudi kwetu. Mfalme anayependeza zaidi kitabuni ni al-Hasan bin Sulaiman, Abu al-Mawahib, wa ule ukoo wa Mahdali ambao babu yake, al-Hasan bin Talut, aliutwaa ufalme kwa nguvu. Huyu tunaye kwa njia nne: yumo katika Sulwa, alisoma Aden miaka miwili na akahiji, yumo kwa Ibn Battuta, aliyemkuta mwaka 1331, jina lake limechongwa katika jiwe lililopatikana Husuni Kubwa, na ziko sarafu zake za dhahabu. Ibn Battuta anasema kwamba maskini wa Kiyemeni alimwomba nguo alizovaa, naye akaingia ndani akazivua akampa. Juu ya nduguye Daud anasimulia kinyume chake: mwombaji akija, huambiwa kwamba mtoaji amekufa. Katika Sulwa, Daud huyuhuyu ndiye aliyemtunzia nduguye kiti alipokuwa safarini, akamrudishia aliporejea. Sisi tunamwamini mwandishi wetu. Msafiri aishiye kwa zawadi humpima mfalme kwa mkono wake, na mtunza hazina mwema hawezi kupendwa na wageni.

Lakini uzito wa kitabu uko katika kurasa za mwisho, ambazo wachache huzifikia. Hapo wafalme wamekuwa vivuli na mamlaka yako kwa maamiri na mawaziri. Amir Muhammad Kiwab anataka kumkalisha mtoto wa waziri, na watu wa Kilwa wanakataa kwa kuwa si wa ukoo wa ufalme. Anayekuja kutawala Wareno wanapofika ni Amir Ibrahim. Almeida akamwondoa, akamkalisha Muhammad bin Rukn al-Din al-Dabuli, mtu wa hazina ambaye nisba yake ni ya Dabhol, bandari ya Hindi. Kutoka Neasden, mahali ambapo Wahindi wa Kenya na Uganda walishiriki kujenga hekalu kubwa la mawe lililofunguliwa mwaka 1995, habari ya Mhindi kutawala Kilwa haitushangazi. Linaloshangaza limo katika maandishi ya Wareno: mtu huyu, mwenye watoto wake, aliomba mrithi wake awe mtoto wa Sultan Fudail aliyeuawa. Mwaka uliofuata naye akauawa. Aliyepewa kiti na mizinga alijua kwamba kiti si chake, na katika kitabu kizima cha silsila hakuna hoja ya haki ya ukoo iliyo na nguvu kuliko ombi hilo.

Mwandishi aliahidi utangulizi na sura kumi. Nakala ya London inakatika katika ya saba. Zilizobaki zingekuwa za zama alizoziona kwa macho yake, baada ya Wareno kuiacha ngome yao mwaka 1512, na hapana Barros awezaye kutujazia pengo hilo. Barghash alikuwa na nakala moja. Vitabu vya aina hii vilinakiliwa kwa mkono nyumba kwa nyumba, Unguja, Lamu, Ngazija na Maskati. Mwenye sanduku la babu yake ambalo halijafunguliwa, na alifungue, atazame kama mna karatasi zinazoanza na sura ya nane.